Meli ya uvuvi haizami ghafla

Kila nikisikia trola (meli inayokokota nyavu) au boti ya uvuvi imezama, watu wanaulizana kwanza upepo ulikuwa mkali kiasi gani na mawimbi yalifika mita ngapi. Mi huwa nauliza mlango gani ulikuwa wazi, na maji yalianza kuingia saa ngapi kabla mtu hajayaona. Nimekaa kwenye kazi hii muda mrefu, dekini kwanza alafu injini, na ripoti za uchunguzi wa ajali nazisoma sana, na karibu kila ripoti ukiifuatilia mpaka mwanzo wake unakuta dhoruba ilikuja kumalizia tu kitu kilichoanza kimya kimya, saa zingine kilianza bandarini kabisa, kamba hazijafunguliwa.

Tuanze na huo mlango basi. Mlango wa injini, ule mzito wa chuma wenye raba pembeni, umetengenezwa ili maji yakijaa upande mmoja yasiende upande wa pili. Sasa injini ina joto, na fundi yuko mle ndani jasho linamtoka, kwahiyo mtu anachukua kipande cha kamba anaufunga mlango kwenye ndoano ubaki wazi hewa ipite. Ukimwambia aufunge anakujibu, "Kaka, huu mlango ukifungwa tunakufa kwa joto humu." Na ni kweli kuna joto, wala sibishani naye. Ila dawa ya joto ni feni na mkondo wa hewa unaofanya kazi, tena hilo ni jukumu la mwenye meli kulilipia. Kamba kwenye mlango maana yake mmeshaamua kwamba siku maji yakiingia nyuma yatafika mpaka mbele bila kizuizi chochote.

Tena mlango kufungwa tu haitoshi. Ile raba ikizeeka inakuwa ngumu, au mtu mwenye bidii kapita na brashi kaipaka rangi pamoja na chuma chake, na raba ikishapakwa rangi haizibi tena. Kuna kipimo cha dakika mbili ambacho ningependa kila baharia akijue: chukua chaki, paka kwenye ule ukingo wa chuma unaogusana na raba, funga mlango kaza mikono yote, alafu fungua uangalie raba. Unatakiwa kuona mstari mweupe umezunguka mzima mzima bila kukatika. Pale ulipokatika ndo maji yatakapopita. Sijawahi kufanya kipimo hiki kwenye meli kuukuu nikakuta mstari mzima kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyekuwa anajua, manake kwa macho mlango unaonekana mzuri kabisa.

Watu wakiniuliza kwanini nimekazania milango, nawatajia meli ya uvuvi ya Alaska Ranger. Machi 23, 2008, Bahari ya Bering, watu 47 ndani. Wachunguzi wa Marekani walisema kuna uwezekano mkubwa usukani mmoja, lile bapa la chini majini linalogeuza meli, ulichomoka kabisa, maji yakaanza kuingia kupitia kule nyuma, na badala ya kuishia kwenye chumba kimoja yakatembea chumba hadi chumba kwa sababu ndani meli haikuwa imezibika inavyotakiwa. Umeme ukakatika, propela ikawa inasukuma kinyumenyume, kwahiyo rafti za kujiokolea, yale maboya ya kujipuliza ya kupandia watu, ziliposhushwa zikakokotwa kuelekea mbele badala ya kubaki pale watu walipokuwa wanazisubiri. Wengi waliishia kuruka kwenye maji ya baridi kali usiku. Walinzi wa pwani na meli nyingine ya kampuni hiyohiyo waliokoa watu 42, kazi ambayo mpaka leo nikiisoma nashangaa waliwezaje. Watano wakafa, nahodha akiwa mmojawapo. Kuchomoka kwa usukani ni ajali, sawa. Ila maji kutembea meli nzima, hapo ndo pa kutulia na kufikiri.

Na maji hayahitaji shimo kubwa. Tundu la sentimita 5, upana wa bomba la kawaida la maji ya bahari pale injini, likiwa mita moja chini ya usawa wa maji linaingiza zaidi ya tani 15 kwa saa. Pampu ndogo ya bilji, yani ya kule chini kabisa ya chombo maji yanakokusanyika, haiwezi. Kwahiyo kinachowaokoa ni muda, yani mmejua dakika ya tano au mmejua saa ya pili, na anayewapa huo muda ni kile kifloti kidogo cha kengele, kiboya kinachoinuliwa na maji ili ilie, kilichokaa chini kwenye uchafu na mafuta ambako hakuna anayependa kuingiza mkono. Floti ikichafuka inalia ovyo usiku, watu wanashindwa kulala, mtu anaenda anaifunga kwa waya itulie. Afu inasahaulika hivohivo. Mi naona kengele ya bilji inatakiwa iinuliwe kwa mkono kila siku, kila chumba, hasa kile cha nyuma kabisa cha mashine ya usukani ambacho hakuna mtu anapita, na aliyepo kwenye usukani juu athibitishe kwamba kaisikia kwa masikio yake, sio kwamba taa tu imewaka.

Sasa tuje kwenye stabiliti, yani uwezo wa chombo kurudi wima kikiinama, kitu ambacho wavuvi wengi wanakijua kwa mwili kuliko kwa vitabu, na mwili unadanganya. Chombo chenye nguvu ya kurudi wima kinarudi kwa haraka, kinakutupatupa, huwezi kunywa chai, mgongo unauma. Chombo kilichopoteza nguvu hiyo kinalala upande taratibu, kinakaa kidogo, ndo kinarudi. Na watu wanafurahi wanasema leo bahari imetulia, chombo kinabembea vizuri. Hapana! Mrama ukibadilika ukawa wa pole pole na bahari ni ileile ya asubuhi, kuna kitu kimebadilika ndani ya chombo. Ama uzito umepanda juu, ama kuna maji mahali yanacheza. Mtu yeyote akihisi hivo, awe mpishi awe dogo wa juzi, inabidi nahodha aamshwe.

Maji yanayocheza ni hatari kuliko uzito wenyewe. Jaribu kubeba karai la maji nusu ukitembea, utaona linavyokuvuta upande ule ule ulioinamia. Tangi la samaki lililojaa mpaka juu halina shida, lililo tupu pia halina shida, lile la nusu ndo linaua. Hivohivo samaki waliomwagwa holdini, kile chumba cha chini cha kuhifadhia samaki, bila zile mbao za kugawia vyumba, wote wanateleza kwenda upande mmoja kwa wakati mmoja. Na maji ya dekini, yale matundu ya pembeni ya kuyatoa yakizibwa na nyavu, makasha au kipande cha plywood ambacho mtu kaweka ili samaki wasitoke, wimbi moja linapanda linabaki juu, tani kadhaa pale juu kabisa ya chombo, na la pili linalikuta la kwanza bado halijashuka.

Kitu kingine ni nyavu ikiwa imening'inia. Ukiinua mfuko wa samaki kwa winchi kupitia kapi iliyoko juu ya gantri, ile fremu ndefu ya chuma ya kuinulia, uzito wote wa ule mfuko kwa upande wa stabiliti unahesabika uko pale kwenye kapi, haijalishi mfuko wenyewe uko chini karibu na deki. Tani tatu zilizoning'inia ni tani tatu kileleni. Na nyavu ikinasa chini kwenye mwamba, nahodha akaongeza nguvu kuivuta kwa upande huku mawimbi yanatoka ubavuni, hapo chombo kinapinduliwa na injini yake chenyewe. Breki za winchi ziwe zinaweza kuachiwa hata umeme ukikatika, na kila mtu ajue zinaachiwaje. Nyavu ni pesa nyingi naelewa, naelewa sana, nimeona wamiliki wanavyomsema nahodha aliyerudi bila nyavu. Mwenye meli anayemfanya nahodha aogope kukata nyavu ameshachagua kitu kimoja kati ya viwili, hata kama mwenyewe hajui kachagua.

Kule kwenye baridi kali kuna barafu. Februari 2017 boti ya kuvulia kaa inaitwa Destination ilizama karibu na kisiwa cha St. George, Alaska, watu wote 6 wakafa. Barafu ilikuwa inajijenga juu ya chombo na juu ya mitego iliyopangwa dekini, na uchunguzi ukaonyesha mitego yenyewe ilikuwa mizito kuliko uzito uliotumika kwenye hesabu za kile kitabu cha stabiliti. Hilo la uzito linahusu wote, wa baridi na wa joto. Kila miaka inavyokwenda mnaongeza winchi mpya, kreni, mashine ya barafu, tenki la ziada, rangi juu ya rangi, na kile kitabu bado kinazungumzia chombo kilichotoka kiwandani. Ukibadilisha kitu kizito mwite mtaalamu apige hesabu upya. Ni gharama, ila hakuna njia ya mkato.

Sasa mtu kuanguka majini. Hapa takwimu zinaumiza. Marekani peke yake kati ya mwaka 2000 na 2016 wavuvi 204 wa kibiashara walikufa kwa kuanguka kutoka chomboni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amevaa laifu jaketi. Hata mmoja! Wengi wao hakuna aliyewaona wanaanguka, mtu katoka nje usiku peke yake, wenzake wanakuja kushtuka kwenye kubadilishana zamu kwamba kitanda kiko tupu.

Sababu za kutovaa nimezisikia zote. Inanibana, inanasa kwenye nyavu, najua kuogelea. Ya kwanza na ya pili zilikuwa na ukweli zamani enzi za yale majaketi makubwa ya foromu, siku hizi yapo ya kujipuliza yenyewe, membamba, yanakaa shingoni tu juu ya ovaroli. Ya tatu haina ukweli wowote. Ukiingia kwenye maji ya baridi bila kutegemea, dakika ya kwanza pumzi inakukimbia unavuta hewa bila kutaka, na mdomo ukiwa chini ya maji unavuta maji. Baada ya hapo una kama dakika 10 mikono inakusikiliza, ikipita hapo vidole havishiki hata kamba uliyorushiwa. Mwili kupoa mpaka kupoteza fahamu inachukua kama saa nzima, kwahiyo wengi wanakufa kwa kuzama mapema kabla baridi yenyewe haijawaua. Kuogelea kwako kutasaidia wapi hapo, umevaa mabuti na ovaroli, chombo kinaondoka na spidi yake?

Na mkishamfikia mnampandishaje? Huwa nauliza hili swali kwenye vyombo vingi na jibu linakuwa kimya. Mtu aliyelowa, mzito, mikono haina nguvu, ubavu wa chombo uko juu mita mbili, na mawimbi yanapanda na kushuka. Inabidi kuwe na kitu kilichoandaliwa, nyavu ya kupandia au mkanda wa kumpitishia kwapani na kreni ya kumwinua, na mmeshafanyia mazoezi kwa dami, sanamu yenye uzito wa mtu. Ikiwezekana apandishwe amelala, sio wima, manake damu ikishuka miguuni ghafla moyo unaweza kusimama palepale mikononi mwenu.

Wengine hawaanguki, wanavutwa. Kamba inayotoka kwa kasi, mtu kakanyaga katikati ya duara lake, basi. Kisu kikae kifuani mahali mkono wowote unafika, na kitufe cha kuzima winchi kiwe karibu na anayefanya kazi kwenye winchi, sio kule juu kwa anayeendesha tu.

Kuna hii nyingine haizungumzwi sana: holdi na matangi. Samaki wakioza na maji machafu yakakaa chini inatengenezwa gesi ya haidrojeni salfaidi, inanuka mayai mabovu mwanzoni, alafu pua inakufa ganzi unadhani imeisha kumbe ndo imezidi. Au gesi ya friji imevuja, imesukuma hewa nzuri nje. Mmoja anashuka anaanguka. Wa pili anamwona mwenzake kaanguka anashuka mbio kumsaidia, naye anaanguka. Wa tatu hivohivo. Ni upendo unaowapeleka chini, ndo maana kulizuia ni kugumu, inabidi liwe limeshasemwa siku nyingi kabla: ukiona mwenzako kaanguka holdini hushuki, unapiga kengele, unawasha feni, na anayeshuka ni aliyevaa mtungi wa hewa na kamba mwilini.

Vifaa vya kujiokolea nitasema vichache tu, ila rafti lazima niisimamie. Ile rafti kwenye kasha lake jeupe imefungwa na kifaa cha haidrostatiki, kidude kidogo cha plastiki kinachokata kamba chenyewe chombo kikishazama mita kama 1.5 hadi 4. Vingi vya aina hii vinaisha muda baada ya miaka 2 na tarehe imeandikwa palepale juu yake. Sogea karibu uiangalie. Mara nyingi utakuta rangi imepakwa juu yake huoni hata mwaka. Alafu fuata kamba ya rafti kwa kidole mpaka mwisho wake: inatakiwa ifungwe kwenye kile kiungo dhaifu, ili ivutwe na chombo kinachozama, rafti ijipulize, kisha kiungo kikatike rafti ibaki juu. Mtu kaifunga moja kwa moja kwenye chuma cha deki kwa nia nzuri kabisa isipotee, rafti inashuka chini na meli. Mtu hajaifunga kabisa, kasha linaelea linaenda zake bila kufunguka. Zote mbili nshaziona, na kwenye karatasi za ukaguzi pameandikwa rafti ipo.

Na bikoni ya dharura, ile EPIRB inayopeleka ishara kwenye satelaiti kwa masafa ya 406 MHz, namba yake iwe imesajiliwa sawasawa na jina la chombo na simu ya mtu wa nchi kavu anayepokea. Machi 2009 boti ya Lady Mary ilizama nje ya New Jersey, watu 7, akapona mmoja. Usajili wa bikoni yao ulikuwa na kosa la tarakimu lililofanyika ofisini wakati wa kuingiza taarifa, ishara ikatoka lakini waokoaji hawakuweza kuiunganisha na chombo mapema, muda ukapotea. Omba uthibitisho wa usajili, soma tarakimu moja moja ukilinganisha na zilizoandikwa kwenye kifaa chenyewe.

Haya mambo ya redio na waokoaji hayakuletwa na wenye meli kwa hiari. Mwaka 1968, Januari na Februari, trola tatu za mji wa Hull, Uingereza zilipotea ndani ya wiki chache, wanaume 58 wakafa. Moja wapo, St Romanus, iliondoka bandarini bila opereta wa redio, na ikachukua wiki mbili na zaidi kabla ya kuanza kutafutwa, kwa sababu ukimya wake haukumshtua mtu. Waliosimama ni wanawake, wake na ndugu wa wavuvi, Lillian Bilocca akiwa mbele, wakaenda bandarini, wakaenda mpaka kwa mawaziri, wakitaka kila meli iwe na opereta wa redio na iwepo meli ya msaada yenye huduma ya matibabu. Wakasikilizwa. Alitukanwa sana yule mama na kazi akakosa, na kuna watu wako hai kwa ajili yake.

Sheria za kimataifa nazo zinakwenda taratibu mno kwa wavuvi. Meli za mizigo na abiria zina mkataba wake wa usalama tangu baada ya Titanic, ila uvuvi uliachwa pembeni kwa sehemu kubwa. Mkataba wa Torremolinos wa 1977 haukuwahi kuanza kutumika, ikabidi 2012 watu wakutane tena Cape Town waandike mwingine. Kwenye kazi na mapumziko upo mkataba wa ILO, shirika la kazi duniani, namba 188, ulianza kutumika Novemba 2017, na kwa vyombo vinavyokaa baharini zaidi ya siku tatu unataka mtu apumzike si chini ya saa 10 kila saa 24, na saa 77 kwa siku saba. Waulize mabaharia wa trola saa 77 wanazipata wapi samaki wakikubali.

Na uchovu ndo unaofungua milango yote niliyoisema. Mtu aliyechoka ndo anayeacha hachi, mfuniko wa tundu la deki, wazi, ndo anayezima kengele ya kumwamsha kwenye usukani, ile inayouliza kila baada ya dakika kadhaa kama uko macho, kwa sababu inamkera. Nahodha aliyekesha usiku wa pili hawezi kupima hali ya hewa vizuri, atasema tuvute mara moja ya mwisho. Halafu baharia akithubutu kusema mzee nadhani tumeelemewa, anaambiwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Methali hii naiheshimu, amri iwe moja, sawa. Lakini inatumika kunyamazisha watu, na mtu wa dekini ndo anayeona maji yanachelewa kutoka, yule wa juu haoni. Nahodha mzuri niliyewahi kufanya naye kazi alikuwa akiambiwa jambo anashuka mwenyewe kuangalia, hata kama mara tisa ni bure, na hakuwahi kumcheka aliyemwita.

Hivohivo kuita msaada. Watu wanangoja mpaka umeme umekatika ndo wanakimbilia redio. Maji yakiwa yanaingia na hamjui yanatoka wapi, toa PAN PAN, wito wa redio wa hali ya haraka, chaneli 16 sasa hivi, taja mko wapi, mko wangapi, tatizo nini, na chombo kikiwa hatarini kuzama toa MAYDAY na bonyeza kile kitufe chekundu cha DSC, kinachotuma wito wa dharura chenyewe kwa redio. Mkifanikiwa kuziba mnawaambia waokoaji asanteni tumeweza, yameisha, hawakasiriki.

La mwisho ni mgeni wa chombo, manake vyombo vingi vya uvuvi siku hizi vina watu wa lugha tatu nne, na maelekezo yamebandikwa ukutani kwa lugha ambayo nusu yao hawaisomi. Kumwonyesha kwa kidole haitoshi. Mpeleke kwenye suti ya kujiokolea ya saizi yake, aivae yote, zipu mpaka kidevuni, ndani ya dakika moja, na kama zipu imeshika kutu mpake nta mjaribu tena. Mpeleke kwenye rafti aguse kamba. Mzimie taa kwenye korido atafute njia ya kutokea kwa mikono kutoka kitandani kwake, maana siku hiyo hakutakuwa na taa. Inachukua kama nusu saa, chombo kikiwa bado kimefungwa bandarini, na nahodha awepo mwenyewe badala ya kumwachia serahangi, mkuu wa mabaharia wa dekini.